Tuiite Chumvi, Tusiiite Chakula

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ninamoishi jijini Nairobi pana hema. Si hema la watalii wala la maskauti. Ni hema la kitambaa kizito cheusi, lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 140, na kuta zake za ndani zimefunikwa utando unaong'aa kama bati jipya. Ukifungua zipu yake saa moja za usiku, wakati giza limekwisha kutanda nje, utakuta humo ndani bado ni mchana. Taa inawaka, feni ndogo inavuma, na miche minane ya saladi, ile ambayo wauzaji wetu sokoni huiita letasi, imesimama juu ya kasha la maji pasipo na hata punje moja ya udongo.

Miche hiyo ni ya awamu ya pili. Ya kwanza ilikufa yote, na leo nimekusudia kueleza namna ilivyokufa. Haikuuawa na wadudu wala baridi wala ukosefu wa maji. Iliuawa na neno moja la Kiswahili, nalo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nakiri mapema kwamba mimi si mkulima. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuoni, na msomaji atakayesema kuwa mwalimu wa lugha ameingia katika shamba lisilo lake hatakuwa amenionea. Hata hivyo, naomba asikilize kisa hiki mpaka mwisho, kwani kinatuhusu sote tunaoshika chaki, awe mwalimu wa kemia, wa kilimo au wa Kiswahili.

Nyumba yetu iko katika ghorofa ya tatu. Zamani tulikuwa na kibaraza kilichopata jua la asubuhi, na mke wangu alikuwa akipanda dania na mboga katika mikebe. Kisha likajengwa jengo jingine mkabala nasi, na tangu siku hiyo jua la kibaraza chetu likawa hadithi. Mimea ikawa inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga, mwishowe inaanguka. Ndipo nilipopata habari za kilimo cha ndani ya hema, nikakusanya vifaa kidogo kidogo mpaka vikatimia.

Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Taita kutibiwa goti. Mama amelima katika miteremko ya vilima vile maisha yake yote, akinywesha mboga zake kwa maji ya mfereji, na hakuna nililopata kumwambia kuhusu mmea ambalo hakulijua kabla sijazaliwa. Nilipomaliza kulisimamisha hema na kuwasha taa, alichungulia ndani, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kumbe Nairobi hata jua mnalinunua?"

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Hema la aina hii lilibuniwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, ambao miezi kadhaa kwa mwaka jua lao ni hafifu na siku zao ni fupi. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunapata saa 12 za mwanga kila siku, na hatulipi chochote. Kwa hiyo, yeyote mwenye ua, paa la saruji au kibaraza kinachoota jua asihangaike na hema wala taa. Achukue ndoo aiweke nje, juu yake avute kitambaa chepesi cha kupunguza ukali wa jua la adhuhuri, basi. Hema ni la sisi tuliozibiwa jua na majengo. Nalo lina gharama zake: taa ya wati 100 ikiwaka saa 14 kwa siku hutumia yuniti 1.4 za umeme, yaani yuniti 42 katika mwezi wa siku 30. Msomaji na azidishe mwenyewe kwa bei anayolipia kabla hajaamua.

Kilimo chenyewe si cha ajabu kama kinavyoonekana. Mnamo 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha matokeo ya majaribio ya kuotesha nanaa katika maji ya namna mbalimbali. Aligundua kuwa mimea iliyokaa katika maji yaliyochanganyika na udongo ilikua vizuri kuliko ile ya maji matupu. Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya udongo kilichoyeyuka majini. Katika miaka ya 1860 wanasayansi wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walikuwa wamekwisha kutambua mengi ya madini hayo, na waliweza kukuza mimea katika maji yaliyoyeyushwa madini bila udongo kamwe. Udongo, kwa hiyo, ni ghala na ni mhimili. Ukimpa mmea mhimili mwingine, kisha ukaziyeyusha bidhaa za ghala hilo majini, mmea hauna sababu ya kuulilia udongo.

Jina la kilimo hiki lina kisa chake pia. William Gericke, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitaka kuuita ufundi huu kwa neno ambalo, kwa Kiingereza, tayari lilikuwa likitumiwa kwa ufugaji wa viumbe vya majini. Mwenzake wa chuo hichohicho, W. A. Setchell, akampa neno jingine lililoundwa kutokana na Kigiriki, la maana ya maji na kazi, naye Gericke akalichapisha mnamo 1937. Wanafunzi wangu hudhani kwamba Kiingereza kilizaliwa na istilahi zake zote, kama mtoto anavyozaliwa na vidole. Hapa tunaona watu wazima wawili wakitafuta neno, wakilitupa moja kwa sababu linapotosha, na kulichukua jingine. Sisi leo twaweza kusema haidroponiki, au kilimo bila udongo. Mimi napendelea hili la pili, kwa kuwa "kilimo cha maji" huenda likamfanya msikilizaji afikirie umwagiliaji.

Sasa nieleze namna nilivyopanga vifaa vyangu, ili mwalimu atakayependa kujaribu asianze gizani.

Nilichukua kasha la plastiki la lita 40 lenye kifuniko, nikalifunga karatasi nyeusi kulizunguka ili mwanga usipenye majini, maana maji yenye madini yakipata mwanga huota mwani wa kijani. Katika kifuniko nilitoboa matundu manane, na katika kila tundu nikatia kikopo chenye vitobo. Mbegu nilizisia kwanza katika makumbi ya nazi yaliyosagwa, nikayaweka unyevu, na zilipofikisha majani matatu au manne nikahamisha kila mche pamoja na makumbi yake katika kikopo, nikaushikiza kwa vijiwe vyepesi vya volkeno. Mizizi ya chini hugusa maji na ya juu hubaki hewani. Ndani ya maji nilitumbukiza mrija wa pampu ndogo ya hewa, kama ile inayotumiwa katika matangi ya samaki wa mapambo, kwa sababu mizizi nayo hupumua. Maji yakikosa hewa, au yakipata joto la kupita nyuzi 24 hivi, mizizi hugeuka rangi ya kahawia na kuoza.

Taa huning'inizwa juu ya mimea, huwaka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kisha huzimika yenyewe. Feni huvuta hewa ya joto na unyevu kuitoa nje ya hema. Hiyo ndiyo mitambo yote.

Kilichobaki ni yale madini. Huuzwa katika chupa mbili, A na B, na watu wengi hujiuliza kwa nini zisiwe chupa moja. Sababu ni kwamba chupa moja ina kalsiamu na nyingine ina salfeti na fosfeti. Zikikutana zikiwa kali hivyo, kalsiamu na salfeti huungana zikawa jasi, ileile ya kutengenezea chaki na dari, nayo hutuama chini kama unga mweupe ambao mzizi hauwezi kuutumia. Kwa hiyo hutiwa ya A kwanza katika kasha lililojaa maji, hukorogwa, ndipo hufuata ya B. Baadaye hupimwa mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha asidi, kinachotakiwa kuwa kati ya 5.5 na 6.5, kwani kikipanda sana mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma na majani machanga huwa manjano. La pili ni wingi wa madini yaliyoyeyuka, ambao hupimwa kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji matupu hupitisha kidogo mno, na kadiri madini yanavyozidi ndivyo yanavyopitisha zaidi. Kwa saladi mimi huanzia 1.2 katika kipimo changu. Aliye na maji ya kisima cha kuchimbwa ayapime kabla hajatia chochote, kwani maji hayo mara nyingi huwa na madini yake tayari.

Yote hayo niliyafanya sawasawa, na kwa wiki mbili mimea ilistawi. Kisha nikaitwa kwenda kusahihisha mitihani katika chuo kingine kwa siku 14. Mke wangu naye alikuwa na shughuli za kazini kutwa kucha, na hivyo mimea nilimwachia mama. Nilimwandikia maelekezo katika karatasi nikaibandika hemani. Nakumbuka kila neno: "Maji yakipungua, ongeza mpaka kwenye alama. Mimea ikionyesha udhaifu, ipe chakula, kifuniko kimoja cha A na kimoja cha B."

Nilirudi usiku nikiwa na hamu ya kuona saladi zangu. Nilipofungua zipu nilikuta majani yamekunjamana, ncha zake zimeungua kana kwamba zimepitishwa motoni, na miche mingine imelala juu ya kifuniko. Kasha lilikuwa limejaa maji mpaka kwenye alama. Mimea imesimama majini nayo imekufa kwa kiu.

Nasikitika kusema kwamba sikumuuliza mama kama mtoto anavyopaswa kumuuliza mzazi wake. Nilisema kwa sauti ya mtahini, "Mama, kwani uliifanyaje?"

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilifanya ulivyoandika. Niliona ncha zinakauka, nikajua ina njaa, nikaipa chakula. Kesho yake ikazidi, nikaipa tena. Mtoto akidhoofu si unamwongezea chakula?"

Asubuhi nilitia kipimo majini kikasoma 3.4. Nilimfuata mama jikoni, ambako alikuwa amebandika maharagwe, nikaanza kumweleza habari za potasiamu na kalsiamu na naitrojeni. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi wazazi wetu wanavyowasikiliza watoto wao waliosoma. Mwishowe nilichoka nikasema, "Kwa ufupi, mama, kile si chakula hasa. Ni chumvi tu zilizoyeyushwa."

Mama aliuweka mwiko kando. "Ni chumvi?" akauliza. "Mbona hukuandika chumvi? Mchuzi ukikauka huongezi chumvi, unaongeza maji. Chumvi naijua, mwanangu. Hicho chakula cha mimea ndicho nisichokijua."

Msomaji mpendwa, nimesoma vitabu vingi vya istilahi, na nimetahini tasnifu kadhaa juu ya uundaji wa maneno. Sijapata kusikia hoja iliyonishinda kama ile. Maana mama alieleza, kwa sentensi moja ya jikoni, jambo ambalo nilikuwa nimelishindwa kwa nusu saa. Mmea hunywa maji kwa wingi na kuyatoa hewani kupitia majani, ilhali madini huyachukua kwa kiasi. Maji hupungua upesi, chumvi nyingi hubaki. Tuseme pana gramu 40 za chumvi katika lita 40, yaani gramu moja kwa kila lita. Maji yakishuka hadi lita 20, na tuchukulie kwamba mimea imefyonza gramu 10 za chumvi hiyo, zitabaki gramu 30, yaani gramu moja na nusu kwa lita. Chumvi imepungua kwa jumla, lakini ukali umeongezeka. Dawa yake ni maji matupu. Ukiongeza chumvi, ukali huzidi mpaka mzizi ushindwe kuvuta maji, kwa kuwa maji huelekea palipo na chumvi nyingi zaidi. Ndiyo maana mimea yangu ilikauka ikiwa imesimama ndani ya maji.

Sasa tazama kazi iliyofanywa na neno "chakula". Neno hili halikuja peke yake katika karatasi yangu. Lilikuja na jamaa zake wote: njaa, udhaifu, kushiba, huruma. Mwenye njaa hupewa, asiyepona huongezewa, na mwenye kunyima chakula ni mtu mbaya. Mama aliyasoma maelekezo yangu kwa akili timamu na kwa moyo mwema, akayafuata mpaka mwisho wake wa kimantiki. Neno "chumvi" nalo lina jamaa zake: kiasi, kuonja, kuzidi, kuharibika kwa chungu kizima. Hakuna mpishi aliyewahi kuuona mchuzi mbaya akadhani kwamba dawa yake ni chumvi bila kuonja kwanza. Kama ningaliandika chumvi, mama angalitia maji, na mimi nisingalikuwa na lolote la kuandika leo.

Na neno lile nililitoa wapi? Nilililetea maana kutoka katika maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye chupa, ambayo yaliita dawa ile chakula cha mimea ili mnunuzi aipende. Nilitafsiri tangazo la biashara nikadhani nimetafsiri sayansi. Tena nilitafsiri kosa, maana mwanafunzi yeyote wa biolojia anafundishwa kuwa mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe katika majani, kwa kutumia maji, hewa ukaa na nuru. Tunaliita tendo hilo usanisinuru. Taa iliyo katika hema langu, ile ambayo mama aliiita jua la kununua, ndiyo inayouwezesha mmea kupika. Chupa hutia chumvi katika chungu. Mwalimu anayesema darasani asubuhi kwamba mmea hujitengenezea chakula, kisha jioni shambani akasema "tuipe mimea chakula" huku akinyunyiza mbolea, amelivunja somo lake mwenyewe pasipo kujua. Asishangae wanafunzi wakiandika katika mtihani kwamba mmea hula udongo.

Yapo maneno mengine ambayo mtu angeweza kuyapendekeza. Mbolea, kwa mfano, ni neno zuri, na mama angalishituka akilisikia, kwani wakulima wetu wanajua kwamba mbolea ya dukani ikigusana na mbegu huiunguza. Lakini mbolea ni pamoja na samadi, na atakayetia samadi katika kasha la maji ataondoka nyumbani kwa harufu. Madini nalo ni neno sahihi, ila kwa wengi wetu huleta picha ya dhahabu na migodi. Wakulima wa Tanzania wana usemi ambao nimeuonea wivu: huziita mbolea za dukani mbolea za chumvichumvi. Angalia ustadi uliomo. Kwa kulirudia neno, uradidi huu humwambia msikilizaji kuwa kitu hiki kinafanana na chumvi, ni cha jamii ya chumvi, lakini si ile ya mezani. Ukichukua usemi huo ukasema chumvichumvi za mimea, umepata istilahi ambayo mwanakemia hataikataa, kwani naitreti ya potasiamu na salfeti ya magnesiamu ni chumvi kwa kanuni zote za kemia, na mpishi naye ataielewa bila kamusi.

Mwenzangu mmoja wa kitivo cha sayansi aliponisikia nikieleza haya alinipinga. Alisema kuwa nikiita chumvi, iko siku mtoto atachota chumvi ya jikoni aimwagie sukuma wiki. Ni hoja ya haki, na hatari hiyo ipo, kwa sababu chumvi ya mezani huidhuru mimea mingi. Jibu langu ni kwamba hatari hiyo ni mlango wa somo. Mtoto atakayeuliza "chumvi gani?" ameuliza swali la kemia, na mwalimu anaweza kumwonyesha kuwa chumvi ni ukoo wenye watu wengi, na ile ya mezani ni mmoja wao tu. Mtoto aliyeambiwa "chakula" haulizi chochote. Huongeza tu.

Wapo pia watakaosema kwamba mjadala huu ni bure, maadam sayansi katika shule zetu za upili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Sipuuzi mtihani, wala simshauri mwanafunzi ajibu maswali ya kemia kwa lugha asiyoulizwa. Ninachouliza ni hiki: mwanafunzi huyo akirudi nyumbani likizo, na mzazi wake akamuuliza kwa nini mahindi yameungua mizizi, atamjibu kwa lugha gani? Katiba yetu ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Maneno yapo mengi. Kinachopungua ni watu waliozoea kuyatumia wakiwa wameshika ndoo mkononi, wakayajaribu kama yanashika maji au yanavuja.

Mimi mwenyewe ni shahidi wa upungufu huo. Nina shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, na neno langu lilivuja. Halikuvuja kwa sababu Kiswahili ni maskini. Lilivuja kwa sababu sikuwahi kulisema mbele ya mtu ambaye angelitumia. Laiti ningaliketi na mama jikoni kabla ya safari, nikamweleza kwa mdomo kilichomo katika zile chupa, angaliniuliza maswali mawili matatu, na yeye mwenyewe angalinipa neno.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu, nalo halihitaji hema wala taa. Chukueni ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, mziweke mahali penye jua. Tieni ndani chumvichumvi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mpande katika kila ndoo miche miwili ya mboga. Ndoo ya kwanza iongezewe maji matupu kila yanapopungua. Ya pili iongezewe maji yaliyotiwa chumvichumvi kwa kipimo kilekile cha mwanzo. Wanafunzi waandike kila siku kimo cha maji, rangi ya majani na hali ya ncha zake. Shule isiyo na kipimo cha umeme yaweza kuonyesha jambo hilo kwa sufuria: kijiko kimoja cha chumvi ya kula katika lita moja ya maji, waonje, kisha yachemshwe mpaka ibaki nusu lita, yapoe, waonje tena. Nasisitiza kwamba kinachoonjwa ni chumvi ya kula peke yake. Maji ya ndoo za mimea yasitiwe mdomoni hata kidogo.

Baada ya hapo, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wakutane. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa kumweleza mtu wa nyumbani kwao, kwa Kiswahili, ni kwa nini ndoo moja ilistawi na nyingine ikaungua. Ukurasa huo usisahihishwe na mwalimu kwanza. Usomwe nyumbani, na yule aliyesomewa aseme alichoelewa. Hapo ndipo tutajua ni maneno gani yanafaa na ni yapi tuyaache. Sidhani kama kuna kamati ya istilahi iliyo bora kuliko hiyo.

Ama mama, goti lake lilipata nafuu akarejea Taita kulima. Kabla hajaondoka nilimwomba radhi kwa lile swali langu la usiku ule, naye alisema kuwa alikwisha kulisahau, jambo ambalo najua si kweli. Siku ya mwisho aliomba kalamu nene, akaing'oa karatasi yangu, akaandika juu ya kasha kwa herufi kubwa alizojifunza shuleni zamani: MAJI HUPUNGUA, CHUMVI HUBAKI. Miche minane iliyomo sasa ina siku 31, na kipimo asubuhi ya leo kilisoma 1.3. Akinipigia simu huwa haulizi mimea imekula nini. Huuliza, "Umeonja?" nami humjibu kwa tarakimu.